Tulipokatazwa Kijaluo

Amri ilitoka kwa mkubwa wa kambi ya mchumba wangu huko Somalia: askari akipiga simu nyumbani, asizungumze lugha ya mama. Simu zao wenyewe zilikuwa zimekusanywa kwa sababu ya usalama, ikabaki moja ya kambi, nayo lazima iwekwe spika ili mwenye zamu asikie kila neno na ahakikishe hakuna anayetaja mahali walipo. Kiswahili au Kiingereza, basi. Mchumba wangu alinieleza hayo katika simu yake ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwenye baraza la chifu, kisha akaniuliza, "Unaendelea aje?"

Mimi ni wa Muhuru Bay. Yeye ni wa Kisegi, upande wa Homa Bay. Tulikutana kwenye makambi ya kanisa, na tangu siku hiyo tulipendana kwa Kijaluo tu. Kiswahili kwetu kilikuwa cha polisi wa barabarani, cha karani wa vitambulisho, cha wanunuzi wa samaki kutoka mbali. Nilikisoma shuleni, nikafaulu, nikakisahau. Sasa mtu atampendaje mwanamume wake kwa lugha ya karani? Lakini watu wake walikuwa wameshafika kwetu kujitambulisha, na ng'ombe walikuwa waletwe akirudi. Nilitaka kuolewa na yule mwanamume. Sikutaka kitu kingine, na sioni haya kusema hivyo.

Basi nikajitahidi. Alikuwa akipiga siku ya Sabato, mchana, tukishatoka kanisani. "Mimi nafikiria wewe sana," nikamwambia. "Niko na sida kidogo huku, lakini si mbaya."

Kikazuka kicheko. Hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa cha wanaume wengi waliochoka kukaa na kuogopa, na sasa wamepata mchezo. "Sida gani, dada?" mmoja akapaza sauti. Mwingine akadakia, "Mwambie ailete hapa hiyo sida tuitibu!"

Nilingoja mchumba wangu awakemee. Alikohoa, akasema, "Sawa basi. Tutaongea wiki ijayo."

Wiki iliyofuata hata sijafungua kinywa, wakanisalimia kwa pamoja: "Sida!" Likawa ndilo jina langu. Nilimsihi aniambie neno moja tu la kwetu, hata kwa kunong'ona. Akajibu kwamba amri ni amri. Mimi, mjinga, sikumlaumu. Niliulaumu ulimi wangu, na hapo ndipo nilipoanza kujipalia makaa.

Pale ufukweni palikuwa na bibi mmoja Mtanzania, wa pande za Musoma, aliyekuwa akivuka mpaka kununua omena, ambayo kwao ni dagaa. Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, lakini Kiswahili kilikuwa chake, hakukitafuta. Nilimweleza yaliyonipata. Akanicheka naye, halafu akaniambia nisogee.

"Mwanangu, mwanamume haambiwi 'nafikiria wewe', kana kwamba unamfikiria mwizi wa kuku. Mwambie, nakuwaza. Mwambie, usiponipigia siku yangu haipiti."

Nikawa namgeuzia dagaa wake kwenye nyavu juani, naye amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, ananisahihisha. Nikikosea alinirushia dagaa usoni. "Shida! Kwani kuku ukimfukuza unasemaje? Sh! Basi mfukuze!" Nikafukuza kuku wasiokuwepo ufuko mzima. Wanawake wenzangu waliniuliza kama nimepandwa na mapepo. Sikujali. Nilijiona nimemwendea mwanamume wangu vitani kwa njia niliyoiweza.

Kisha simu zikakatika kwa muda mrefu, akawa hapigi. Kulikuwa na mapigano huko, tulisikia redioni, na kila gari la serikali lililoteremka kuja ufukweni lilinikata maini. Nilimwomba Mungu amrudishie mdomo tu, anipigie. Na siku moja, Sabato, akapiga.

Nilivuta pumzi. "Mpenzi wangu, nashukuru kuisikia sauti yako. Nimekuwaza usiku na mchana. Usiponipigia siku yangu haipiti. Niambie, hali yako ni njema?"

Hakuna aliyesema sida. Moyo wangu ulipanda kwa furaha hadi machozi yakanitoka, nikajua nimewaweza.

Halafu mmoja wao, mwenye lafudhi ya pwani, akasema polepole kama daktari aliyeona ugonjwa, "Wallahi Kiswahili hicho hakikufunzwa darasani. Hicho kafunzwa kitandani."

Walicheka mpaka simu ikakwaruza. Mchumba wangu hakucheka. "Ni nani amekufundisha kuongea hivyo?" akauliza.

"Ni bibi mmoja hapa, ananunua dagaa."

"Dagaa?" akasema. "Leo omena imekuwa dagaa? Huyo Mtanzania ni nani?"

Nikaanza kumweleza, na kwa hofu Kiswahili chote kizuri kikanimwagikia sawasawa, hakuna nililokosea, na kila sentensi niliyoinyoosha ilinifunga zaidi. Nyuma yake walikuwa wakimwonea huruma kwa sauti: pole ndugu, wewe unalinda mpaka huku, wenzako wanauvuka kule. Ndipo akanitukana kwa Kijaluo. Neno lenyewe sitaliandika. Ni lile analoitwa mwanamke anayejiuza. Amri ni amri, hakuivunja kunibembeleza, akaivunja kwa hilo. Mtu akafoka, simu ikakatwa.

Watu wa Kisegi wakaambiwa, nao wakawaambia watu wetu kwamba ng'ombe wasubiri kwanza. Mama yangu alinitazama kwa miezi kama chakula kilicholala. Nilimchukia mchumba wangu asubuhi na kumlilia mchana.

Alikuja likizo, akaja mpaka ufukweni, amekonda, amevaa viatu vipya visivyofaa mchangani. Sikumkaribisha. Nilimwonyesha tu bibi kwenye ndoo yake. Bibi akamwamkua, akamuuliza ya safari na ya vita, na mle mle katika maneno yake mchumba wangu akayasikia yangu. Akaangalia yale mapengo. Akapumua, akacheka, akapiga paja. "Kumbe ni huyu tu!" akasema. Alifurahi kwelikweli. Hakuona kwamba kuna jambo lingine.

Akanigeukia na kuanza kunisemesha kwa Kijaluo, chinichini, yale yote aliyoyaweka huko kambini. Yalikuwa matamu, siwezi kudanganya. Aliniambia risasi zilipokuwa zikipita alikuwa akilitaja jina langu, lile la kweli. Nilimwacha amalize.

"Sasa sema hayo hayo kwa Kiswahili," nikamwambia. "Na upaze sauti, wale wanawake wa kwenye nyavu wasikie."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alivuta shati, akasimama wima. "Mimi," akasema. "Mimi naomba msamaha. Kwa sababu ya makosa ambayo ilifanyika."

"Ilifanywa na nani, afande?" mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye nyavu.

Wakacheka. Alijaribu tena, akasema ananipenda "kwa hali yote na mahali pote", kama mtu anayekula kiapo, na wakacheka zaidi, mpaka mmoja akakaa chini. Alinitazama niwanyamazishe. Neno langu moja lingetosha, wale walikuwa majirani zangu.

Nilikohoa.

Aliondoka kwa miguu, viatu vikizama mchangani, na kicheko kikamsindikiza mpaka barabarani. Wakati huo bado nilikuwa nampenda, na sikumwita.