Termosta ya Nyuzi Sabini na Moja

Mume wangu aliisubiri ile termosta kwa wiki saba. Alimwagiza kaka yangu, aliyekuwa akipakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Kaka akamwomba rubani, na rubani akaipata Kinshasa kwa muuza vipuri. Haikutoka kwa waliotengeneza gari letu. Ilikuwa ya kiwanda kingine, ila vipimo vyake vililingana. Ilifika imefungwa ndani ya gazeti, kipande cha shaba cha kuenea kiganjani, kimepigwa chapa ya namba 71. Ya zamani ilikuwa na 82.

"Hii ndiyo itatupumuzisha," aliniambia.

Kupumzika tulikuhitaji kweli. Asubuhi nilifundisha fizikia katika shule moja ya Kabondo, na mchana nilipanda naye kamioneti yetu, gari dogo la mizigo, kupeleka wasafiri na mizigo Bangboka. Kazi yangu ndani ya gari ilikuwa kutazama mshale wa joto, huku nimebana bidoni ya maji kati ya miguu. Mshale ukikaribia rangi nyekundu nilimgusa goti, naye akafungua ile hewa ya moto iliyowekwa garini kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, ili injini itoe joto lake kwa kupitia sisi. Saa nane mchana, Kisangani, na hewa ya moto miguuni. Nilifika nyumbani nikiwa sina hamu ya kula wala ya kusema.

Termosta ni mlango mdogo unaokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na radiata. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa. Maji yakifikia joto lililopangwa unafunguka, nayo yanakwenda kupoa. Hesabu ya mume wangu ilikuwa rahisi: mlango ukifunguka mapema, injini haitafika mbali kwa joto.

Aliniomba niipime kabla ya kuifunga. Shuleni tulikuwa tumebakiwa na kipimajoto kimoja, nacho nilikitunza ndani ya pamba. Jumamosi, tulipotoka salongo, ile kazi ya usafi wa mtaa, niliweka sufuria ya maji juu ya makala yaliyowaka moto, nikazining'iniza termosta zote mbili kwa uzi zisiguse chini. Mpya ilianza kufunguka kwenye sabini na moja. Ya zamani ilingoja, halafu nayo ikafunguka pale pale ilipoandikiwa, bila kosa.

Hapo ndipo nilipojua. Kama ile ya zamani ilikuwa nzima, basi mlango haukuwa na hatia. Gari lilichemka wakati mlango ulikuwa wazi kabisa. Maji yalitoka kwenye injini, lakini huko yalikokwenda hayakupoa. Kufungua mapema kusingesaidia kitu.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa kando yangu, mikono nyeusi kwa mafuta, macho mekundu.

"Inafunguka?" akauliza.

"Inafunguka."

Nilizitoa termosta majini. Wiki saba alizosubiri zilikuwa usoni mwake, nami sikuwa na nguvu ya kumwona akivunjika moyo. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Siku za kwanza mshale ulikaa chini kwa muda mrefu kuliko kawaida, naye akawa anaimba kidogo kidogo. Mimi niliona kwamba tukipakia sana, karibu na mwisho wa safari, ulipanda ukafika palepale pa zamani. Yeye hakutaka kuutazama. Kesho yangu ikawa wiki mbili.

Ndipo wakaja wale wazee wawili, mume na mke, wavuvi wa upande wa Isangi. Walikuwa wamepanda mto kwa pirogi, mtumbwi wao, siku nyingi. Macho ya yule mama yalikuwa yanapoteza nuru, la kulia zaidi, na mtoto wao aliyekuwa Kinshasa alikuwa amewatumia tiketi ili mama akaonwe na daktari. Ndege yao ilikuwa ya Alhamisi. Ukiikosa, unangoja Alhamisi nyingine. Tulimweka mama mbele, katikati yetu. Mzee alikaa nyuma pamoja na mifuko na watu wengine.

Tulipita nusu ya njia, nikapitisha mkono mbele ya mama, nikamgusa mume wangu goti. Akafungua hewa ya moto. Yule mama hakulalamika. Alijifunika macho kwa kitambaa tu. Mbele kidogo mvuke ukatoka chini ya boneti, na injini ikazima yenyewe. Mume wangu hakungoja. Alifungua kifuniko cha radiata kwa tambara, maji yakaruka, yakamuunguza mkono hadi kwenye kiwiko.

Gari jingine halikupita. Mzee alishuka, akaangalia jua, akamshika mkewe mkono.

"Bon," alisema. "Tutatembea."

Wasafiri wengine waliwafuata. Nilibaki namwagia mume wangu maji ya bidoni mkononi. Baada ya muda tulisikia ndege ikipanda juu ya msitu. Wale wazee walirudi polepole kwa njia ileile, wakatukuta hapohapo. Mzee hakukasirika. Aliuliza tu kama mkono unauma sana. Angenitukana, ningepata nafuu.

Tuliwakaribisha kwetu wiki nzima. Mama alikaa uani mchana kutwa, uso umeelekea mahali panaposikika sauti za watoto. Mzee hakuweza kukaa bure, kwa hiyo mume wangu, mkono mmoja umefungwa bendeji, alipoamua kushusha radiata, mzee ndiye aliyemsaidia kuibeba hadi kwa fundi wa kulehemu karibu na soko. Niliwafuata nilipotoka shuleni.

Fundi aliyeyusha risasi ya kulehemu, akakibandua kichwa cha juu cha radiata. Vile vijibomba vyembamba vya ndani ambamo maji hupita vilikuwa vimejaa udongo mgumu, karibu nusu yake vimeziba kabisa. Mzee alichukua kipande, akakivunja kwa vidole, akakinusa.

"Ni ya mto hii," alisema. "Si ndiyo maji munatiaka?"

Ndiyo. Bomba la mtaa lilikuwa kavu miaka mingi, na bidoni nilijaza mimi mwenyewe popote nilipopata maji, mtoni au kwenye shimo la barabarani.

Fundi alitupatia spoku za baiskeli alizozigonga zikawa bapa, tukaanza kuzisukuma ndani ya vijibomba, kimoja kimoja. Kazi ile haiishi haraka. Mume wangu alisukuma kwa mkono wake mzima, bila kuinua kichwa, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu siku gani?"

"Siku ya sufuria."

Alichomoa spoku, akaifuta kwenye suruali. "Alors, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuona umechoka."

"Nilichoka, ndiyo," alisema. "Lakini miye si mutoto."

Nilichukua spoku nyingine. Mzee alijifanya hasikii. Tuliendelea mpaka vidole vikawa na malengelenge.

Alhamisi iliyofuata gari lilifika Bangboka bila kusimama, na wazee wakapanda ndege yao. Ile termosta mpya haikudumu. Mvua zilipoanza injini ilikuwa haipati joto la kutosha. Ilikula petroli, nayo petroli ilikuwa ya kuitafuta mji mzima. Mume wangu akaitoa, akairudisha ya zamani.

Barua ilikuja baada ya miezi mitatu, imeandikwa na mtoto wao. Jicho la kulia lilikuwa limekufa, la kushoto limeokolewa. Daktari, aliandika, alisema wiki moja haikubadilisha kitu, jicho lile lilikuwa limechelewa tangu Isangi. Mume wangu alinirudishia ile karatasi, akaniuliza kama naamini kwamba ni daktari aliyesema hivyo, au ni wazee wenyewe waliotaka tulale vizuri.

Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa, akakaa kidogo kwenye kiti, akijipapasa kovu la mkononi. Kisha akasimama kwenda kupakia, maana wasafiri wa Bangboka walikuwa wameanza kuita.