Bwana Matone na Tangi Lisilo na Samaki

Jina lake la kazini lilikuwa Matone, na baada ya miaka thelathini na mmoja hata mkewe alikuwa akimwita hivyo. Alifanya kazi katika maabara ya idara ya maji. Kila asubuhi ziliwasili chupa kutoka visimani na mabombani, naye aliketi kwenye kiti chake kirefu, akidondosha dawa tone baada ya tone, akisubiri rangi ibadilike. Wenzake walihesabu huku wakipiga soga. Yeye akishaanza kuhesabu, ungeweza kumwambia nyumba yake inaungua na asigeuke mpaka amalize. Nyumbani nako aliinua glasi kwenye mwanga kabla ya kunywa.

"Kunywa tu, mume wangu," mkewe alikuwa akimwambia. "Siku ya kukuwekea sumu bado haijafika."

Mke alifariki mwaka wa pili baada ya Matone kustaafu. Mwaka uliofuata goti lake la kulia likaharibika, na miezi michache baadaye lifti ya jengo ikafa. Alikuwa akiishi ghorofa ya nne. Vidato sabini na viwili. Alivijua kwa sababu alivihesabu kila mwezi, siku ambayo mwanawe alikuja kumshusha kumpeleka kliniki, na kupanda kulimchukua karibu saa nzima, akikaa kila ghorofa kama mtu anayesubiri basi.

Dada yake mkubwa, mjane pia, alikuwa na nyumba ya chini upande wa pili wa mji, chumba cha ziada na ua wenye kuku. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mdogo wangu, unangoja nini huko juu? Wewe si njiwa."

Mwishowe Matone alikubali. Angehamia kwake mwisho wa mwezi. Alimwambia mwanawe kwa simu, na mwanawe akasema, "Sawa, Baba, tutaongea."

Hawakuongea. Jumamosi iliyofuata mlango ulibishwa, na mwanawe akaingia na wanaume wawili wanaohema, wamebeba tangi la kioo refu kama jeneza la mtoto. Mwana huyo alikuwa fundi wa minara ya simu, mtu wa safari, leo yuko huku kesho yuko kule, na aliyafanya mambo yake yote kama mtu ambaye gari linamngoja nje. Meza ya kulia chakula ilisukumwa ukutani. Tangi likakaa mahali pake juu ya kabati lake, likajazwa maji na chumvi yake maalumu, likawekewa mawe, mchanga, pampu, hita na taa za buluu. Wiki chache baadaye alirudi na muuza tangi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kubembeleza, wakapanga matumbawe hai juu ya mawe.

"Nimekuletea bahari, Baba," mwanawe alisema. "Sasa hutachoka kukaa peke yako."

"Samaki wako wapi?"

"Samaki baadaye. Kwanza haya yazoee."

Muuza tangi alikaza sauti yake laini. "Mzee, tangi jipya ni kama mtoto mchanga. Maji yake hayajatulia. Miezi sita ya kwanza usiliache hata siku mbili."

Kabla ya kuondoka, mwana alibandika kamera ndogo ukutani, yenye ukubwa wa kizibo cha chupa, ikaelekea kwenye kioo. Angeweza kuliona tangi kwenye simu yake popote alipo. Na Baba pia angemwona, alisema, kiti chake kikiwa pale mbele.

Mwisho wa mwezi ulifika, Matone hakwenda popote. Alimwambia dada yake asubiri kidogo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu, siku ya tatu ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Maji yalipungua kila siku kwa mvuke, na yanayopungua ni maji tu, chumvi inabaki; kwa hiyo kila asubuhi Matone alijaza maji yasiyo na chumvi, taratibu, kwa jagi, akilishika tangi kwa mkono mmoja ili goti lisimwangushe. Joto lilipaswa kukaa pale pale. Umeme ulipokatika alifungulia pampu ya betri, akakizungushia kioo blanketi la kitanda chake, akakaa kando yake mpaka umeme urudi. Vumbi la kahawia lilitanda juu ya mchanga na kioo, akalipangusa, likarudi, akalipangusa tena.

Hakuyataka matumbawe yale. Lakini mtu aliyepima maji maisha yake yote hawezi kuyaacha maji mabaya yakae sebuleni kwake. Aliyapa majina. Moja lilikuwa la mviringo lenye mikunjo ya kijani, akaliita Ubongo. Lingine lilikuwa na matawi laini yanayoyumba, akaliita Vidole. Mengine madogo ya duara yaliyosambaa juu ya jiwe aliyaita Vifungo. Wiki ya tano Ubongo ulianza kusinyaa na kupauka upande mmoja, mfupa mweupe ukachungulia. Matone alitoa chupa za vipimo alizoletewa, akachota maji kidogo ya tangi kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupima chokaa. Maji yakawa ya waridi. Tone la kumi, la kumi na tano. Yalibadilika buluu mapema mno. Chokaa haikutosha, na matumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa. Akaanza kuiongeza kidogo kidogo kila siku, akaandika kila kipimo kwenye daftari, na Ubongo akaushusha chini, mbali na ukali wa taa.

Ulipona. Hilo ndilo lililomfunga kabisa. Kinachokufa unaweza kukikatia tamaa ukaondoka, lakini kinachopona kwa mkono wako kinakungojea kesho.

Dada yake alipanda kumwona mara moja, akafika juu amejishika kiuno. Alilitazama tangi kwa muda mrefu.

"Tangi la samaki halina samaki," alisema. "Hivi haya ni mawe au ni wanyama?"

"Ni wanyama, Dada."

"Na wewe je?"

Matone alicheka, lakini dada hakucheka.

Kabla ya tangi, mwanawe alikuwa akija kila Jumamosi akiwa mjini. Sasa ilikuwa kila wiki ya tatu, halafu mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki tu. Simu zilikuwa nyingi, lakini zote zilianza vile vile: "Baba, nimekuona hapo, naona uko vizuri. Mbona Vidole vimelala?" Matone alijibu kuhusu Vidole. Mara nyingine alipokata simu alikumbuka kwamba hakuulizwa ameamkaje. Wakati mwingine alikisogeza kiti chake pembeni kidogo, nje ya macho ya ile kamera, akala chakula chake huko kwa siri, kama mwanafunzi anayekula darasani. Taa za buluu zikawaka, pampu ikanguruma, vidato sabini na viwili vikakaa nje ya mlango vikimsubiri. Ilipita wiki nzima bila yeye kuzungumza na mtu uso kwa uso isipokuwa mama muuza mboga aliyemletea kapu mlangoni.

Mwezi wa tano tangu tangi lije, asubuhi moja, alitoka bafuni akielekea kwenye jagi lake la maji. Goti likaachia. Hakupiga kelele, alishuka tu ukutani hadi sakafuni, na alipojaribu kuinuka maumivu yakamrudisha chini. Simu ilikuwa juu ya meza. Kutoka pale chini aliona miguu ya kabati la tangi, nyaya, na mwanga wa buluu ukicheza kwenye dari. Alilala hapo. Alijaribu kujikokota, akasogea kiasi cha urefu wa mkono, akapumzika, akasogea tena. Aliita mara mbili. Jirani wa mlango wa pili alikuwa kazini.

Jua lilikuwa limeshapanda dirishani simu ilipoita. Alivuta kitambaa cha meza, na simu, chupa za vipimo na daftari vyote vikamwangukia.

"Baba," mwanawe alisema, "naangalia hapa, naona maji yamepungua. Pampu inavuta hewa. Umesahau kujaza leo?"

Matone aliisukuma pembeni chupa iliyomwangukia kifuani.

"Baba? Kiti chako naona kitupu. Uko jikoni?"

"Niko sakafuni, mwanangu."

"Unasemaje?"

"Nimeanguka tangu asubuhi. Niko hapa chini ya tangi lako. Kamera yako haifiki huku."

Upande wa pili ulisikika mlango wa gari ukifungwa.

Mwana alifika akiwa amelowa jasho. Alimwinua babake, akamketisha, akamtia maji mdomoni. Goti lilikuwa limevimba, lakini hakuna kilichovunjika. Alasiri dada naye alifika, maana alipigiwa simu. Hakusalimia. Aliketi kwenye kiti cha mezani, akavua viatu, na kwa muda ilisikika pampu peke yake, ikivuta hewa kwa sababu hakuna aliyekumbuka kujaza maji.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," dada alisema mwishowe. "Lakini huyu si mgeni. Huyu ni baba yako, na hapa ni kwake. Kamba ya nini?"

"Shangazi, nilitaka awe na kitu cha kumliwaza."

"Yeye, au wewe?"

Mwana aliangalia mikono yake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini pale alionekana kama mtoto aliyevunja sahani. "Angehamia kwako," alisema, "watu wangesema nimeshindwa kumtunza baba yangu, nimemtupia bibi kizee."

"Bibi kizee nani?"

"Samahani, Shangazi."

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Angekuelemea nini baba yako? Ungekuja kwangu kumwona kama ulivyokuja hapa. Au ungetuwekea kamera na sisi?"

Matone aliona ni zamu yake, na alichokuwa nacho hakikuwa kizuri. "Usimlaumu peke yake, Dada. Mimi ningeweza kukataa siku ile ile ya kwanza. Niliogopa kushuka ngazi zile kwa mara ya mwisho. Nilijua nikishuka na mizigo sitapanda tena, na humu ndani ndimo alimokuwa mama yako," alimwambia mwanawe. "Ndipo yakaja haya, nikasema siwezi kuyaacha. Ikawa sababu nzuri. Kisha sababu ikanizidi nguvu. Nimefungwa, na kamba nyingine niliifunga kwa mkono wangu."

Mwana aliinuka, akachukua jagi, akajaza tangi taratibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya hivyo.

Wiki iliyofuata muuza tangi alikuja na ndoo zake kuyachukua matumbawe, akayatunze dukani kwake. Matone, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya stuli, alisimamia kila kitu: ndoo zifunikwe, maji yawe ya tangi lile lile, joto lipimwe. Alimkabidhi na daftari. Muuza tangi alilifungua, akasoma ukurasa, akasoma mwingine, akaacha ile sauti yake ya kubembeleza.

"Mzee, hili umeandika kila siku?"

"Isipokuwa siku niliyoanguka."

Ubongo ulikuwa umeota ukingo mpya upande ule uliopauka, mwembamba kama ukucha. Matone alimwonyesha kwa kidole ili asiushike hapo.

Mwana alimshusha babake mgongoni. Vidato sabini na viwili, na Matone, kwa mara ya kwanza, hakuhesabu. Alikuwa amefumba macho, akishikilia shingo ya mwanawe kwa nguvu hivi kwamba walipofika chini mwana alikohoa.

Maisha kwa dada hayakuwa rahisi mwanzoni. Wiki za kwanza aliamka asubuhi na hakuna kilichomsubiri, akawa mkali kwa kila mtu, hata kuku. Muuza tangi alimpigia kumwambia ukweli: Ubongo na Vifungo vilikuwa hai, Vidole vilikuwa vimekufa siku ya nne. Matone hakula chakula cha mchana siku hiyo, na dada, kwa busara yake, hakumwuliza kama ni mawe au wanyama. Jumamosi mwana alikuja. Walikaa uani, baba na mwana, na kwa kuwa hapakuwa na tangi la kuzungumzia, walikosa la kusema. Waliwatazama kuku nusu saa nzima. Kisha mwana akauliza, akiwa ametazama chini, "Baba, umeamkaje leo?"

Matone alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Goti linauma," alisema. "Lakini nimetembea hadi dukani na kurudi. Nilinunua sabuni."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Na nilikaa njiani kuangalia watu wakipita, hadi mtu angefikiri nimepotea. Shangazi yako alifikiri hivyo. Alinifuata na mwiko mkononi."