Ukuta wa Timazi

Mafundi wenzake walimbandika jina la Timazi, kwa sababu aliupima ukuta kwa jicho tu, na timazi yenyewe, ile kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia wima, haikumsuta hata siku moja. Kisha ukaja ugonjwa unaokula utando wa mishipa ya fahamu. Daktari akamweleza kwamba seli za ubongo wa kisogoni, zinazomzuia mtu asiyumbe, zinakufa, na zikishakufa hazirudi. Akatoka pale akipepesuka. Watu wakanong'ona kwamba kalewa asubuhi yote hii, yeye ambaye pombe hajawahi hata kuionja!

Jana alifika kazini, akautazama ukuta aliojenga mdogo wake, akafoka, "Umepinda huo! Bomoa!"

"Uko sawa, kaka."

"Unanifundisha kazi, mimi?"

Mdogo wake akashika nyundo, akaubomoa wote.

Vumbi lilipotua, Timazi akaona nguzo ya pembeni nayo imelalia upande. Akaomba kamba, akaipima. Risasi ikatulia: nguzo ilikuwa imenyooka.

"Na ukuta?" akauliza polepole.

"Ulikuwa umenyooka, kaka."

"Sasa umeubomolea nini?"

"Ukuta tutaujenga tena," mdogo wake akajibu, akampa mgongo aegemee.