Vyumba vya Dada Dodoma

Masika ya mwaka ule yalimaliza nyumba ya mama huko Tandale. Haikuanguka kwa kishindo. Ukuta wa jikoni ulilowa siku nyingi mpaka ukalegea, halafu asubuhi moja ukalala chini polepole na mabati yakaufuata. Mama alikuwa uani akikumba maji kwa ndoo. Majirani walimtoa na msahafu wake, khanga alizowahi kuzishika, na ndoo yenyewe ambayo hakutaka kuiachia.

Nilimchukua kwangu Madale. Nyumba tuliyopanga iko juu kilimani, na njia yake ni udongo mwekundu unaoteleza hata kwa kijana. Mume wangu alikuwa amepigwa na kiharusi upande wa kulia. Yeye alilala chumba kimoja, watoto kingine, mama nikamtandikia sebuleni. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Tangu alipopandishwa akishikiliwa huku na huku, hakushuka tena. Asubuhi nikienda kufundisha nilikuwa nawaacha wawili, mmoja hawezi kuinuka, mwingine hawezi kumwinua.

"Mie nimekuwa mzigo juu ya mzigo," mama aliniambia siku moja nikimkanda miguu. "Nenda Dodoma kwa dada yako ukanisemee. Ana vyumba. Kila akipiga ananiambia, Mama, njoo hata kesho."

Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Dada, mkubwa wangu, alihamia Dodoma ofisi za serikali zilipohamishiwa huko, kwa kuwa mumewe ni dereva wa wizara. Walijenga. Kila Ijumaa alimpigia mama simu, fupi: huku hewa safi, nyumba kubwa, njoo hata kesho. Hakuna kati yetu aliyewahi kwenda. Siku zote palikuwa na mgonjwa, au mtihani wa shule, au msiba.

Niliomba ruhusa kazini, jirani akakubali kuwaangalia watu wangu, nikapanda treni. Dar niliiacha inanyesha. Tulipoipita Morogoro mvua ikakatika, na kadiri tulivyosonga mbele anga likawa jeupe. Huko Dodoma mvua zilikuwa zinaaga. Mahindi yalishaanza kukauka majani, mito ya mchanga imebakiwa na vidimbwi, na mji umekaa katikati ya vilima vya mawe. Kila upande unaogeukia, unakutana na kilima. Mtu wa pwani hajazoea kuzungukwa hivyo. Lakini chini palikuwa tambarare, pakavu. Nikajisemea, hapa mama ataweza kutembea.

Shemeji alinipokea stesheni. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani.

"Dada yuko wapi?"

"Yupo nyumbani, anakusubiri."

Nyumba iko nje kabisa ya mji, kilima kimeanzia nyuma yake. Ni kubwa kweli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Shemeji akalifungua. Dada alikuwa ndani amekaa kitini, gauni safi, viatu miguuni. Akasimama, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo," akaniambia.

Mie ni mdogo wake. Amenibeba mgongoni. Nikacheka, nikidhani ni utani. "Dada, mie ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Umetoka mbali?"

"Dar. Kwa mama."

"Wasalimie sana. Na baba msalimie."

Baba tulimzika kabla dada hajahama. Aliosha vyombo vya msiba kwa mikono yake. Akakaa tena, kisha akamgeukia mumewe na kumwuliza kwa heshima, "Huyu mgeni amekula?"

Shemeji alinitoa uani.

"Ilianza polepole," akasema. "Anasahau sufuria motoni. Halafu akapotea kwenda sokoni, njia ya kila siku. Hospitali wakampima kichwa, wakasema ugonjwa huu haurudi nyuma."

"Na zile simu?"

"Napiga mie. Namkalisha karibu, namwambia mama yuko hewani. Yale maneno bado anayo. Mengi mengine yamekwenda."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia nini? Mama mtu mzima, wewe una mgonjwa ndani." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini uliposema unakuja, nilishukuru. Nikajua damu imekuita. Nimeshamfungia nguo zake begini. Kazi yangu ni safari, shemeji. Nikiondoka, jirani ndiye humfungulia na kumlisha. Akiwa kwa mama yake, pengine..."

Ikabidi nimkate. Nilimweleza kuhusu ukuta, godoro la sebuleni, magoti. Kwamba nami nilikuja kuomba chumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiangalia nyumba yake.

"Vyumba vipo," akasema. "Vyumba ndivyo tulivyo navyo."

Tulijaribu kupanga hata hivyo. Mama akija huku, mmoja hawezi kutembea na mwingine haachi kutembea. Dada akija Madale, kuna makorongo ya kule kilimani, na mie niko darasani mchana kutwa. Kila njia tuliyoianza iliishia palepale.

Siku nilizokaa, nilikuwa nikitoka na dada jioni kuchuma mlenda pembeni mwa mashamba, wa mwisho kabla ardhi haijakauka. Jirani, mama wa Kigogo, alimfundisha zamani. Mikono yake ilichuma haraka kuliko yangu. Jina langu hakulitaja hata mara moja.

Asubuhi ya kuondoka aliliona lile begi lake mlangoni, akalichukua.

"Tunaondoka?"

"Mgeni ndiye anaondoka," mumewe akamwambia. "Sisi tunabaki."

"Haya," akasema, akaliweka chini vizuri.

Madale nilikuta jua. Nilimweleza mama yote, sikumficha. Hakuuliza habari ya vyumba. Aliniuliza, "Nani anamsuka?"

"Mumewe anamnyoa. Ameona ndiyo rahisi."

Nyumba yake ilipoanguka, mama hakulia. Hapo alilia, khanga mdomoni ili mume wangu asisikie chumbani.

Kipupwe kilipoingia, dada alimponyoka jirani aliyekuja kumlisha, akapanda kilimani. Wachunga mbuzi walimkuta hai, miguu imechanika. Sasa shemeji ameweka kufuli la pili. Mama bado yuko sebuleni kwangu. Ijumaa simu hailii tena. Mama mwenyewe alimwomba shemeji asimsumbue mwanawe kwa kumsemesha yale maneno.