Amri Nne Kwenye Kompyuta ya Bosi

Mkuu wa mitambo aliandika kwenye ripoti kwamba mimi, mfagiaji wa chumba cha kompyuta cha kampuni, nilimwaga maji nikakata simu za ambulensi kwa dakika arobaini. Ni uongo. Simu alizikata yeye. Aliyezirudisha ni mimi.

Shule sikutia mguu. Herufi nilizijua kwenye kibodi kabla ya kuzijua kwenye daftari. Fundi wa kwanza wa chumba kile, mama mmoja mkali kama pilipili, alivunjika mkono wa kulia, akaniita: "Mdogo wangu, weka hilo dekio chini, njoo uwe mkono wangu."

Miezi mitatu alinitajia amri herufi moja moja, nami nikabonyeza. Kompyuta zile hazikuwa na picha, ni maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Ndani yake zilikaa programu za kuunganisha simu na kupeleka ujumbe. Nikajua kuziorodhesha, kuzizima, kuziwasha. "Usiwashe mpya," alikuwa akinigonga bega, "kabla hujaona kwa macho yako kwamba ya zamani imetoka kwenye orodha."

Alipostaafu nikarudi kwenye ndoo. Akaja huyu bosi, mkuu wa mitambo, mwenye shati lililonyooka kuliko maneno yake.

Asubuhi ile alileta programu mpya ya simu za ambulensi. Akazima ya zamani, hakuangalia orodha, akawasha mpya. Ikafa. Akawasha tena, ikafa. Jasho likamtoka.

"Bosi," nikamwambia, "ya zamani haijatoka. Imeganda, lakini bado imeshika laini ya simu, mpya haina pa kuingilia."

"Mama Deki, kompyuta haipigwi deki."

"Basi ipige wewe, mwanangu, tuone itang'aa."

Hakucheka. Akatoka barazani kumpigia simu aliyemuuzia programu, akaacha kompyuta wazi. Ng'ambo ya dirisha la kioo, muuguzi wa zamu anayepokea simu za ambulensi alishika simu bubu, macho kwangu.

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikaketi. Nikaita orodha: ya zamani hiyo hapo, imejikalia. Nikaizima kwa nguvu. Sikukurupuka, nikaita orodha tena. Haipo. Ndipo nikawasha mpya.

Simu zikalia zote kwa pamoja. Muuguzi akapiga meza kwa kiganja: "Huyooo! Mama Deki!" Mgongo wangu, uliozoea kuinama miaka ishirini, siku hiyo ulinyooka wenyewe.

Bosi aliporudi alikuta ndoo yangu kando ya meza. Hapo ndipo yale maji yalipozaliwa. Kompyuta hutunza kila amri na saa yake, lakini zangu nne zimetunzwa kwa jina lake, maana yeye ndiye aliyeifungua. Sifa akabeba, lawama akanitupia, nikahamishiwa kufagia maegesho ya magari.

Kampuni siidai kitu. Ninayemdai ni yeye: aifungue ripoti ile, afute maji, aandike ni nani aliyeketi kwenye kile kiti wakati yeye yuko barazani. Ni mstari mmoja. Huu ni mwezi wa saba tangu siku ile, hajauandika.