Samli ya Mzazi

Tangu Jumamosi sijapita Ibadakuli, na sijui nitapitaje tena. Mimi ni dereva wa lori la pamba, lori kuukuu ambalo giaboksi yake niliifungua na kuifunga mwenyewe. Abiria wote walinisikia nikijisifu kwamba Shinyanga nzima hakuna fundi wa kunifikia.

Tukiwa njiani kutoka Kahama, gia zikaanza kulia kama fisi. Nikaingia chini ya lori. Nati ya chini ya giaboksi, niliyosahau kuikaza, ilikuwa imedondoka, na mafuta yote yamekwisha. Nikawaambia abiria wakanywe maji kisimani. Walipoondoka, nikaziba tundu kwa kijiti na tambara, kisha nikamimina ndani kibuyu kizima cha samli ya abiria wangu mmoja, Mama Masanja, aliyokuwa akimpelekea binti yake aliyejifungua.

"Kibuyu kimepasuka, mama," nilimwambia aliporudi. "Barabara mbaya."

"Basi, mwanangu. Bora sisi tumepona," akajibu, akanigawia kiazi chake. Nikakila, Mungu anisamehe.

Tulipofika Ibadakuli kwa mkwewe, wenyeji walitoka kutupokea. Mbwa wao hata hawakutubwekea. Waliingia wote chini ya lori, wakaanza kulamba matone yaliyokuwa yakidondoka. Mama Masanja akainama, akachovya kidole, akaonja. Akanitazama, na mkwewe naye akanitazama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kumbe aliyejifungua ni lori lako?"