Kimea Kwenye Jiko la Gesi

Mama alipohamia kwangu Bariadi baada ya kuugua, alikuja na debe la mtama mwekundu na nguo chache. Nilimwambia kwangu hakuna mafiga, kuna gesi. Akasema moto ni moto. Huwa sipendi kubishana na mama, hasa ninapojua nitashindwa.

Kule Mwandoya, kijijini kwetu, pombe yake ilikuwa na sifa. Sasa wanawake wenzake, aliolima nao pamba miaka yote, walikuwa wanakuja Jumamosi kumjulia hali, naye aliapa hawataondoka wakisema maradhi yamemmaliza. Akaotesha mtama, akauanika, akausaga ukawa kimea. Siku ya kupika alilifukuza jikoni hata birika langu la chai.

Maji mazito ya kimea yanataka subira. Yana utamu, na utamu ule ukitua chini ya sufuria unashika ukoko, ukoko ukiungua pombe nzima inakuwa chungu. Kijijini mama alikuwa akivuta ukuni mmoja nje na moto unatulia, na chungu chake kilikuwa kinene. Gesi yangu inachoma katikati tu, na sufuria zangu ni za bei rahisi, nyepesi mno.

Nilikuwa uani nafua niliposikia jirani akiniita kutoka upande wa pili wa ukuta. Anauza vitenge sokoni, ni mtu wa swala tano, na pombe kwake ni mwiko.

"Dada, samahani. Huko kwenu kuna kitu kinaungua."

Nilikimbia. Harufu ilinipokea mlangoni, kali mpaka macho yakawasha. Mama alikuwa amesimama juu ya sufuria iliyokuwa ikiungua, anakoroga taratibu, uso umetulia kabisa. Aliponiona ninahema akauliza kama ng'ombe wameingia shambani.

Nikazima gesi. Alichota kidogo kwa kijiko, akaonja, akatema kwenye sinki. Alikwenda kukaa chumbani kwake, nami nikabaki nakwangua sufuria huku nikiogopa kuliko nilivyoogopa alipokuwa amelazwa.

Kesho yake kimea kilichobaki kilitosha kujaribu tena. Safari hii nilijiingiza bila kuombwa. Maji yalipochemka nilizima moto kwanza, nikamwambia amimine kimea na kukoroga mpaka kilegee chote, kisibaki hata donge moja chini. Nikaweka kipande cha bati juu ya jiko ili moto usambae, nikarudisha sufuria, nikawasha moto mdogo kabisa.

"Nani kakuambia uzime moto wangu?" aliuliza.

"Mayu, mama yangu, jana uliisikia ile harufu?"

Aliendelea kukoroga. Mwiko ulikuwa unapita chini ya sufuria, ukizunguka pembeni na kurudi katikati, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo.

"Tangu nilazwe sisikii harufu," alisema. "Hata sabuni. Hata samaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeninyang'anya mwiko."

Iliniuma, kwa sababu mkono wangu ulikuwa tayari umeushika ule mwiko, juu kidogo ya mkono wake. Nilikuwa nimeshapanga na maneno ya kumwambia: pumzika mama, umeshafanya kazi ya kutosha maishani. Maneno mazuri kabisa, na yangemlaza kitandani kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Nikauachia. Nikavuta kigoda mpaka karibu na jiko, mvuke ukawa unanipiga usoni.

"Wewe koroga," nilimwambia. "Mimi nitanusa."

Alinitazama kwa muda, akahakikisha simwonei huruma. Kisha akaurudisha mwiko chini ya sufuria.

"Haya," alisema. "Sasa hivi inanukiaje?"